Alhamisi za Verna Tollefson

Ukifika mji wetu mdogo wa Skogdal leo ukauliza habari za mpira aliopiga Verna Tollefson mwaka wa themanini na nane, utaambiwa uliruka juu ya mahindi, ukatokomea, na mpaka kesho haujaonekana. Atakayekuambia hayo ana miaka thelathini, maana yake siku ile hata mama yake hakuwa amefikiria kumzaa, lakini ataapa kwa Mungu kwamba aliuona. Mwache. Verna mwenyewe, alipokuwa hai, akisikia hadithi hiyo alicheka tu na kusema, "Haya, kama mnasema hivyo." Sisi tuliokuwepo tunajua kwamba jioni nzima haukupigwa mpira mbovu kama ule, na hapo ndipo ilipo raha yake.

Alizaliwa shambani, maili saba kutoka mjini, mtoto wa nne kati ya wanane. Wa nne ana kazi: si mkubwa wa kuaminiwa, wala si mdogo wa kubebwa. Alikua mrefu, mwembamba, mwenye miwani mizito na sauti ya kuomba radhi hata anapokusalimu. Akaolewa na Orrin Tollefson, akaajiriwa kwenye kinu cha chakula cha mifugo, na kwa miaka kumi na tisa akakaa katika kile kibanda cha vioo akipima malori ya nafaka. Hakuna mkulima aliyewahi kubishana naye juu ya uzito. Walibishana na hali ya hewa, walibishana na serikali, na mchungaji pia hakusalimika, lakini Verna akikuandikia tani nane ni tani nane.

Softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia vituo vitatu mpaka nyumbani kupata bao, aliuingia kwa kukosekana watu. Timu ya kinu ilikuwa ya wanaume watupu, na Orrin ndiye aliyekuwa nyota wake. Mwaka wa sabini na mbili ligi ya Alhamisi ikageuzwa kuwa ya mchanganyiko, wanaume watano na wanawake watano, wakipokezana gongo, mwanamume mwanamke, mwanamume mwanamke. Wanawake wasipotimia watano mnahesabiwa mmeshindwa kabla ya kutia mguu uwanjani. Kinu kilikuwa na wanne. Jumatano jioni Orrin akamtazama mkewe akiosha vyombo, kama mtu anayetazama ngazi chakavu na kujiuliza kama itamfikisha darini.

"Verna, una kazi kesho saa kumi na mbili?"

"Sina. Kwani vipi?"

"Utasimama kulia kabisa, mbali, ambako mpira haufiki. Ukipewa gongo, simama tu. Usipige. Mrushaji mara nyingi atakosea, watakupa kituo cha bure, utaenda zako."

Basi akasimama. Alisimama miaka kumi na sita. Mrushaji akikosea, alitembea taratibu hadi kituo cha kwanza, asipokosea, alirudi benchi na kusema, "Samahanini." Mara chache alipojaribu kupiga, mpira ulibingirika mpaka miguuni kwa mrushaji, ukaokotwa kama yai. Na kila aliposhika gongo, wapinzani walifanya lile jambo la kijinga ambalo wanaume wa kwetu wamelirithi kwa baba zao: walinzi wa nyuma walisogea mbele. Walifanya hivyo kwa kila mwanamke, lakini kwa Verna walizidisha, walikuja mpaka unaweza kuwahesabu meno. Hakulalamika. Ukimuuliza kama anaupenda mchezo wenyewe, alifikiri kidogo akajibu, "Si haba." Kwa mtu wa Skogdal hilo ni tamko zito kuliko kiapo cha ndoa.

Mwaka wa themanini na nne, mwezi wa Februari, Orrin alipata kiharusi akiwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakamtoka, yakabaki machache ambayo alilazimika kuyavuta moja moja. Verna akaacha kazi ya mizani. Akajifunza kumnyanyua, kumwogesha, kumkatia nyama vipande vidogo na kuangalia pembeni wakati anatafuna, ili asione haya. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo, Jumapili kanisani na kiti cha magurudumu halafu hivyo tena. Alimpenda mumewe, hilo halina mjadala. Lakini mapenzi hayamnyanyui mtu wa kilo tisini kutoka bafuni, mgongo ndio unaomnyanyua, na wa kwake ulikuwa umeanza kulia.

Na kwetu mtu haombi msaada. Sijui tumelogwa na nani. Mtu amevunjika mguu mara mbili, ukimuuliza hali atakwambia si haba. Verna hakuweza kumpigia mtu simu na kusema nimechoka, njoo unishike mkono saa mbili tu. Angekufa kwanza. Hasa hakuweza kumwambia mtu mmoja aliyefaa kuliko wote, yaani wifi yake Arlys, dada wa pekee wa Orrin, ambaye hakuolewa na aliishi mwendo wa dakika kumi kwa gari. Arlys na Orrin hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa, tangu shamba la wazazi wao lilipouzwa. Nani alimkosea nani, sasa hivi hakuna anayekumbuka vizuri. Wakati ule walikumbuka kila neno.

Aliyekata fundo ni Milo Brekke, msimamizi wa kinu na nahodha wa timu. Hakuwa na hekima yoyote, alikuwa na wanawake wanne. Mwezi wa Mei akainua simu.

"Bibi Arlys, hapa Milo wa kinuni. Tuna shida Alhamisi."

"Shida gani?"

"Wanawake wanne."

"Tafuteni wa tano."

"Wa tano yupo. Hana wa kumwachia mgonjwa."

Milo alituapia kwamba alisikia saa ya ukutani ya Arlys ikigonga.

"Mnacheza na nani?"

"Watu wa zimamoto."

"Wale wajivuni?"

"Haohao."

"Nitafika saa kumi na moja na nusu," Arlys akasema. "Lakini ni kwa ajili ya timu, tuelewane."

Wakaelewana. Kuanzia hapo, kila Alhamisi kutoka Mei hadi Agosti, gari la kijivu la Arlys liliingia uani saa kumi na moja na nusu kamili. Aliingia, akavua kofia, akasema, "Nenda, wifi, wasije wakakupigia kelele," akakaa kwenye kiti mkabala na kaka yake. Nini kilifanyika baada ya hapo Verna hakujua, wala hakuuliza. Akirudi alikuta karata mezani na Orrin ana rangi usoni. Arlys alivaa kofia, akasema, "Haya, wiki ijayo," akaondoka. Mechi ya mwisho ikichezwa, hakuonekana tena mpaka Mei. Miezi minane ya baridi, gari lake likipita barabarani lilipiga honi moja, basi. Hakuna timu, hakuna sababu. Hakuna sababu, mtu hagongi mlango wa ndugu yake.

Saa mbili zile Verna alizishika kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Hakuwa akicheza, tuwe wakweli, alikuwa akisimama kulia kabisa ambako mpira haufiki, ananusa mahindi na vumbi la kinu, anapigana na mbu, anasikiliza watu wazima wakitukanana kwa furaha. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyetaka maji. Aliniambia mwenyewe, uzeeni, kwamba kuna Alhamisi alikuwa anaomba mechi iende zamu ya nyongeza ili tu aendelee kusimama pale.

Sasa, mwaka wa themanini na nane ligi ilikuwa na timu nane, na uwanja mmoja usingeweza kubeba zaidi. Timu nyingine mbili zilikuwa zinasubiri nje. Kamati ikapitisha kwamba atakayeshika mkia mwisho wa msimu atoke, ampishe mwingine. Na kinu, jamani, kinu! Tulikuwa tumeshinda mechi mbili, moja kati ya hizo kwa sababu wapinzani walikuwa na harusi. Ilifika Alhamisi ya mwisho ya Agosti tuko mkiani sawa na timu ya walimu, ambao walikuwa wamemaliza mechi zao na tulipokutana walitufunga. Tukishinda tunabaki. Tukifungwa, kwaheri. Na wa kucheza nao ni wauza matrekta wa mji jirani wa Hadler, mabingwa, kombe wameshalishika.

Jioni ile Arlys alipofika hakuvua kofia mara moja. Alisimama mlangoni.

"Nasikia ni leo."

"Ni leo, wifi."

"Mkifungwa?"

"Basi tena."

Arlys akavua kofia, akaitazama, akaitundika. "Wale watu wa matrekta ni wazuri?"

"Wazuri sana."

"Haya," akasema. "Nenda."

Verna alitembea mpaka uwanjani na glavu yake kwapani, na njia nzima akawa anahesabu: Septemba, Oktoba, Novemba, mpaka Mei, na baada ya Mei, Juni isiyokuwa na kitu ndani yake, na Juni nyingine baada ya hiyo. Aliogopa. Hakuogopa kufungwa, kufungwa alikuzoea kama kupiga mswaki. Aliogopa nyumba.

Mabingwa walikuja na makasha mawili ya bia na maneno mengi. Nahodha wao, Curt Stordahl, mlinzi wa kushoto, alikuwa na kifua kama mlango wa ghala na mdomo usio na komeo.

"Kinu! Leo mnasagwa wenyewe!"

"Saga taratibu, Curt," Milo akamjibu, "unga ukikuingia puani utalia."

"Mwakani mtacheza wapi, shemeji zangu? Kwenye maegesho ya kanisa?"

"Kwa mkeo, amesema uwanja uko wazi."

Maneno matamu, lakini mabao hayaji kwa maneno. Zamu ya tano ilipokwisha ilikuwa kumi na moja kwa tatu, wao mbele. Gaylen, mwenye duka letu la vyuma, kitambi mbele yeye nyuma, alikuwa ameteguka kifundo cha mguu akikimbilia kituo cha pili, na kifundo kilikuwa kimevimba kama kitunguu. Hatukuwa na mwanamume wa akiba. Zamu mbili zimebaki. Verna alikuwa ameshika gongo mara mbili, na mara mbili Curt amesogea mpaka karibu na kituo cha tatu, kopo la bia mkononi, anapiga kelele, "Sogeeni, sogeeni! Bibi huyo! Mama, nikuletee kiti?" Mara mbili Verna alisimama bila kupiga, mara mbili akatolewa, mara mbili akasema samahanini.

"Siku moja wapige hawa usoni, dada Verna," Connie akamwambia, binti wa miaka ishirini na nne aliyechukua ile kazi ya mizani aliyoiacha Verna.

"Mwanangu, sina mkono," Verna akasema.

Milo akatukusanya. Hotuba yake nzima ilikuwa hii: "Jamani, tujitahidi aibu ipungue."

Mabingwa walikosea mahali pamoja, walidhani mechi imekwisha. Mrushaji wao mzuri akaenda kukaa, akaja mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kucheka. Katika zamu ya sita akatupa mpira laini mno, Milo akaupiga. Mwingine akaupiga. Mlinzi wao wa katikati akaudaka kwa kifua badala ya glavu. Kisha akaja Loren, dereva wetu wa lori la kinu, mkono mrefu, mtu wa maneno matatu kwa siku, akaupeleka mpira mpaka ukaingia safu ya kwanza ya mahindi, watu wawili wakaingia naye. Mabao manne. Kumi na moja kwa saba. Vicheko vya Hadler vikapungua kidogo.

Zamu ya saba, ya mwisho, wao hawakupata kitu. Walikuwa wamekunywa vya kutosha kuona mipira miwili. Ikawa zamu yetu. Sasa mrushaji wao mzuri amerudishwa, hataki mchezo. Bao la nane likaingia. Mmoja wetu akatolewa. Bao la tisa. Wa pili akatolewa. Akitolewa wa tatu, tumekwisha, na walimu walikuwa wamekaa pale pembeni na mablanketi yao, wanapiga makofi ya adabu kila tukikosea. Ndipo Connie akaupiga mpira ukapita katikati ya watu wanne walioambiana "wako, wako", bao la kumi likaingia, na yeye akasimama kituo cha pili anahema. Kumi na moja kwa kumi. Watu wakasimama. Mbwa wakabweka. Loren akaenda kushika gongo.

Curt akainua mkono, akatembea kutoka kushoto mpaka kwa mrushaji. Alijidai ananong'ona, lakini mtu yule hakuwahi kunong'ona maishani.

"Usimrushie huyu mpira wa kupiga. Mpe bure. Anayefuata ni bibi, atachukua bure kama kawaida yake. Halafu tunamla yule mwenye mguu mbovu, tunaenda kunywa."

Na hesabu ilikuwa sahihi, mtu asimlaumu. Ligi yetu ilikuwa na sheria: ukimpa mwanamume kituo cha bure kwa kumkwepa, na wawili wameshatolewa, mwanamke anayemfuata ana hiari ya kuchukua cha kwake bure vilevile, asiguse gongo. Iliwekwa ili wanaume wasikwepwe ovyo. Katika miaka yote hiyo Verna hakuwahi kukataa. Akichukua, vituo vyote vitajaa, na timu nzima itaning'inia kwenye kifundo cha Gaylen, anayemfuata kushika gongo.

Loren akapewa bure. Akalaza gongo chini, akaenda kituo cha kwanza kichwa kikiwa chini.

Verna akasimama. Benchi zima likamwambia kwa sauti moja, "Chukua! Chukua bure, dada, chukua!" Milo alikuwa anapunga kofia kuelekea kituo cha kwanza kama mtu anayefukuza kuku bustanini. Gaylen peke yake hakupiga kelele. Alikuja akichechemea, uso mweupe, akamshika kiwiko.

"Verna," akasema polepole, "siwezi kukimbia. Hata nikiupiga mpaka Hadler, siwezi kufika cha kwanza. Milo hajui. Piga wewe, tafadhali."

"Gaylen, mimi sijui kupiga."

"Najua hujui. Piga hivyohivyo."

Akamtazama. Kuna kitu kikamjia, na si ushujaa, alikataa kabisa kuuita ushujaa. Ilikuwa hasira. Miaka kumi na sita ameambiwa simama tu, usipige. Kwa adabu akasimama. Na kwa kusimama kwake leo angetembea taratibu hadi kituo cha kwanza, akasimama pale vizuri kabisa, akaangalia Alhamisi zake zikienda na mguu wa mtu mwingine.

Mwamuzi alikuwa Lowell, fundi wa mabomba, mtu wa kwetu hasa. "Bibi Tollefson, unakwenda au unapiga?"

"Napiga."

Kwetu jibu la kwanza si jibu. Mtu akikukaribisha kahawa unakataa, akikukaribisha tena unakataa, ya tatu ndiyo unasema kile unachotaka. Lowell alilelewa vizuri. Akangoja kidogo, akauliza tena kwa upole, "Cha bure kipo, mama. Unakwenda?"

"Napiga, Lowell."

Milo akashika kichwa. Lowell akajifuta jasho, akatimiza wajibu wake. "Kwa hiyo hutaki kituo?"

"Lowell, mwambie arushe huo mpira kabla sijabadili mawazo!"

Ndiyo mara ya kwanza mji wa Skogdal kusikia sauti yake yote. Curt akacheka mpaka akainama. "Sogeeni, jamani, anapiga! Bibi anapiga!" Nao wakasogea, walinzi wote wa nyuma, wakaja wakaja, na Curt akasogea kuliko wote, akasimama hatua chache nyuma ya kituo cha tatu, mkono mmoja kiunoni, wa pili na kopo lake la bia. Nyuma yake palikuwa na nyasi kavu tupu mpaka mahindini.

Mpira wa kwanza aliukosa. Wa pili aliukosa vibaya zaidi, akajizungusha mpaka miwani ikakaa upande. Akairekebisha. Wa tatu, ambao akiukosa ametolewa, ulikuja juu, ule mpinde mrefu wa softboli, ukashuka polepole, na Verna akafumba macho, hilo alilikiri mwenyewe, akapiga.

Haukuwa mpira wa maana. Uligonga ncha ya gongo ukatoa mlio wa kopo tupu. Ulipanda juu kidogo, ukayumba, ukaelekea kushoto kivivu. Mlinzi yeyote aliyesimama mahali pake angeudaka kwa mkono mmoja na kukusalimu kwa mwingine. Lau Curt angemheshimu, angemtoa. Lakini Curt alikuwa mbele, na mpira ukapita juu ya kichwa chake, si kwa mbali, kwa shibiri mbili tu. Aligeuka, akaruka kinyumenyume, akaanguka chali, na bia ikammwagikia. Mpira ukatua nyuma yake kwenye zile nyasi kavu za mteremko, ukaanza kubingirika, pole pole, bila haraka, kuelekea mahindini.

Wawili wameshatolewa, hivyo watu walikuwa wameshaanza kukimbia. Connie akaingia. Kumi na moja kwa kumi na moja. Loren, mtu wa maneno matatu, alikuja kutoka kituo cha kwanza anapiga mayowe tangu cha pili, akapita cha tatu, mpaka nyumbani, na alipokanyaga kituo cha mwisho mpira ulikuwa bado haujafika kwa mtu. Kumi na mbili kwa kumi na moja. Kofia zikaruka. Walimu wakaanza kukunja mablanketi. Gaylen akaketi chini akalia kama mtoto, akisema ni mguu.

Na Verna? Verna alikuwa anakimbia kama mtu anayewahi sufuria inayofurika. Hakuna aliyemwambia mechi imekwisha. Alipita kituo cha kwanza, akapita cha pili, akasimama cha tatu peke yake, akauliza, "Niendelee?"

"Njoo tu, mama," Curt alisema pale chini, anajifuta bia shingoni. "Njoo, nani atakuzuia."

Wakambeba. Alichukia kubebwa, akawa anasema shusheni, shusheni, nimevaa nguo mbaya. Wakataka kumpeleka baa. Akakataa mara tatu, na mara zote tatu alimaanisha.

Jua la kiangazi, ambalo kwetu huchelewa, lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Arlys alikuwa amesimama ndani ya mlango, kofia kichwani, mkoba mkononi, amejiandaa kama mtu anayetoka mazishini. Orrin alikuwa kwenye kiti chake, uso umegeukia ukutani.

"Haya," Arlys akasema haraka, "usiku mwema, wifi."

"Tumeshinda."

"Usinitanie."

"Kumi na mbili kwa kumi na moja. Tunabaki."

Mkoba ukamtoka Arlys mkononi, naye akatafuta kiti nyuma yake kwa kupapasa, akakaa. Orrin aligeuza kichwa.

"Nani," akasema, akahangaika, akalitafuta neno lingine, "nani ka... kapiga?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Ulisema nisimame tu. Leo nimechoka kusimama."

Orrin akaanza kucheka kwa nusu ya uso iliyobaki, hakukuwa na sauti, mabega tu. Lakini Arlys hakucheka. Alikuwa ameshika mapaja yake kwa mikono miwili, machozi yanamshuka bila hata kuyafuta, na katika miaka thelathini Verna hakuwahi kumwona Arlys akilia, hata siku alipozikwa mama yao.

"Nilikuwa nimeshamuaga," Arlys akasema. "Nimemwambia kwaheri. Kwaheri ya kabisa."

Verna akasimama katikati ya sebule na glavu kwapani. Dakika kumi kwa gari, akawaza. Gari liko uani, linatembea. Huyu mwanamke ameketi hapa jioni nzima anamuaga kaka yake aliye hai, kwa sababu timu ya softboli huenda ikafungwa. Na mimi njia nzima nilidhani Alhamisi ni zangu.

"Wifi," akasema. "Wiki ijayo hakuna mechi."

"Najua. Mpaka Mei."

"Njoo wiki ijayo."

Arlys akainua uso. "Kuna nini wiki ijayo?"

"Hakuna kitu. Mimi nimechoka, wifi. Nimechoka miaka minne. Nataka kutoka nitembee peke yangu, sina pa kwenda, nataka tu kutembea. Njoo ukae na kaka yako."

Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kusema. Arlys akamtazama Orrin, kama bado anahitaji ruhusa, kama shamba bado linauzwa. Orrin akavuta pumzi. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukapapasa meza, ukafika ulipo mkono wa dada yake, ukatua juu yake.

"Njoo," akasema. Kisha, kwa shida kubwa, akaongeza, "Alhamisi... na Jumanne."